Hewa safi kwa pikipiki ya njia ya vumbi

Jumapili, Agosti

Leo nimemaliza kuifungia pikipiki yangu njia mpya ya hewa, na nimeshinda na furaha tangu asubuhi. Vifaa ni kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili kilichobaki kwenye ujenzi, kiwiko kimoja, mpira wa tyubu kuukuu, klipu mbili na sponji ya filta. Nilichonunua ni klipu na sponji tu.

Anayeishi huku Bahi, Dodoma, haulizi kwa nini. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama haipo, na njia za vijijini zinasagika mpaka zinakuwa unga. Lori likikupita, kwa muda huoni hata tairi lako la mbele, na injini inapumua humo humo. Kila kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukipiga hesabu kwa ujazo, lita moja ya petroli inavuta karibu lita 10,000 za hewa. Fikiria tangi zima, na fikiria hewa hiyo imebeba nini. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya zinachanganyika na oili, kisha zinasugua ringi na silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Mwisho wake tunaujua: nguvu inapungua, moshi wa bluu, oili inaliwa, na fundi anakwambia silinda ikachongwe. Kwa kijana anayelipia pikipiki ya mkataba huo ni msiba, na inaniuma kila nikimwona mmoja amekaa kijiweni bila chombo.

Kwenye pikipiki yangu mdomo wa boksi la filta uko chini ya kiti na unaangalia nyuma, pale pale linapojaa vumbi la tairi. Kazi yangu yote ilikuwa kuuhamisha mdomo huo. Bomba linaanzia hapo, linapita ndani ya kava ya pembeni na kupanda hadi karibu na kiungo cha tangi na kiti. Kiwiko kimegeuzwa chini ili maji ya mvua yasiingie. Kwenye kiwiko nimeweka sponji iliyolowekwa oili na kukamuliwa vizuri, inase mavumbi makubwa kabla hayajafika kwenye filta yenyewe. Sponji ya godoro haifai hapa, hata kama ni ya bure: inachakaa na kumeguka, na vipande vyake vinavutwa ndani. Bomba nalo lisiwe jembamba kuliko mdomo wa boksi, la sivyo injini inakabwa.

Upande wa pili, kati ya filta na kabureta inayochanganya hewa na petroli, sikubadilisha kitu. Kiungo changu kikivuja, hewa itakayoingia bado itapita kwenye filta. Tundu dogo likiwa baada ya filta, vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye silinda, na hakuna sponji itakayokuokoa.

Mdogo wangu alikuja kutazama. "Kaka, si ungetoboa boksi tu? Inaunguruma halafu inakimbia." Vijana wengi wanaamini hivyo. Nilimkalisha nikamweleza kwamba mngurumo ni sauti tu. Hewa ikizidi bila kubadilisha jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopimia petroli, mchanganyiko unakosa petroli na injini inachemka. Kwenye lami ya mjini mtu anaweza kubahatisha. Huku ni kuitafuta gereji kwa makusudi. Sijui kama nimemshawishi, lakini alinishikia bomba wakati nakata.

Majaribio nimefanya mawili. Kwanza plagi: baada ya mwendo mrefu niliifungua nikaikuta na rangi ya kahawia isiyokolea, kama ilivyokuwa zamani. Ingekuwa nyeusi yenye masizi, ningejua bomba linabana hewa. La pili nalipenda zaidi. Nilipaka grisi nyembamba ndani ya mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye kabureta, nikaenda na kurudi kwenye njia mbovu kuliko zote, kisha nikapitisha kidole. Grisi ilikuwa laini, hakuna hata punje ya mchanga. Sponji ya nje, kwa upande wake, ilikuwa imejaa udongo mwekundu. Udongo wote ule zamani ulikuwa unaishia kwenye filta, na ndiyo maana ilikuwa inaziba upesi kiasi kile.

Sponji nitaifua kwa maji na sabuni, niianike kivulini, kisha niipake oili tena. Kiangazi hiki itabidi iwe kila wiki. Jirani ameshaomba nimfungie na yeye Jumamosi. Yake mdomo uko upande wa kulia, karibu na betri, kwa hiyo bomba litazunguka zaidi na itabidi nitafute kiwiko cha pili.