Kabla ya namba, namuuliza mwezi

Mtoto akija kwenye mazoezi yangu ya mpira wa miguu hapa Mikindani, kabla sijamuuliza anacheza namba ngapi, namuuliza kazaliwa mwezi gani. Wazazi hushangaa. Lakini wa Januari na wa Desemba wa mwaka mmoja wanaandikwa kundi moja, huku mmoja kamzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Kwenye miaka 12 hiyo ni tofauti ya kifua, mbio na uzito wa shuti. Kanada, kwenye mpira wa magongo wa barafuni, watafiti waliliandika hili mwaka 1985: timu zilijaa waliozaliwa miezi ya mwanzo. Sisi nasi tunachukua wakubwa, halafu tunaita kipaji.

Lakini Mbwana Samatta kazaliwa Desemba 23, 1992. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwenye mlango wa stoo ya mipira kila mtoto ana mstari wake wa mkaa unaoonyesha kimo chake. Kila shule zikifungwa tunapima. Mstari ukiruka ghafla, na kwa wavulana wengi ni kwenye miaka 13 au 14, wasichana mapema zaidi, najua kinachofuata. Miguu imerefuka kabla mwenyewe hajaizoea. Mpira unampita, anajikwaa, anashika goti pale kwenye kinundu chini ya pia, mahali mshipa wa msuli wa paja unapovuta mfupa ambao bado haujakomaa. Uwanjani wanasema kashuka kiwango.

Winga wangu wa kushoto alipofika hapo, mjomba wake alinifuata. "Mwalimu, huyu mpwa wangu kaisha. Bora aende Newala akaokote korosho." Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, njoo kwanza uone." Nikampeleka mlangoni. Aliitazama ile mistari muda mrefu, akapima kwa vidole vyake mwenyewe, akauliza, "Huyu ni yeye?" Tukampunguzia kijana kuruka na mbio ndefu, tukamwachia pasi na kutuliza mpira. Sasa yuko kidato cha pili, anaanza kikosi cha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari.

Haraka ya wazazi naielewa. Timu ya Namungo ya Ruangwa ilifika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, kila mtu Kusini ameona inawezekana. Waacheni tu watoto wacheze na chandimu lao mchangani, waogelee, wakimbizane. Nayo ni mazoezi.

Makocha wenzangu wa Masasi, Nachingwea na Lindi mjini, mchujo ujao nawaomba jambo moja: siku moja wapangeni kwa kimo badala ya umri, wadogo wacheze na wadogo wenzao, ndipo mwandike majina.