Farasi wangu haoni usiku, na kiboko si dawa

Kila mtu Njoro alikuwa na dawa ya farasi wangu, Maziwa. Mmoja aliniambia, "Huyo ana kiburi tu, mtie kiboko." Mwingine akaja na karoti. Huku kwetu karoti ni tele, nikamlisha kwa magunia, na bado jua likizama anagonga mlango wa banda kwa bega. Karoti humsaidia mnyama aliyepungukiwa na vitamini A. Maziwa hakupungukiwa na kitu, alizaliwa hivyo.

Ana damu ya Appaloosa, aina ya farasi wa madoadoa, naye ni mweupe karibu mwili mzima, madoa ya kuhesabu. Weupe huo ndio uliompa daktari wa mifugo fununu. Jeni ya madoadoa ikirithiwa kwa baba na kwa mama pia, farasi haoni gizani. Mchana anaona sawasawa, na jicho ukilimulika halina kasoro. Hali hiyo haiponi, wala haizidi. Tulituma nywele za mkia na mizizi yake zikapimwe Marekani. Gharama yake, wacha tu, ingeninunulia mbuzi wazuri. Majibu: nakala mbili za jeni hiyo.

Nilianza na taa kali mlangoni. Ikawa ndani anaona, nje kwake ni ukuta mweusi, akagoma kutoka kabisa. Ndipo nikamvika punda wangu kengele ya ng'ombe. Mchana punda anatangulia, Maziwa nyuma, njia ileile ya malishoni, mpaka sikio lake likaizoea. Jioni moja mvua ikatuchelewesha, giza likatukuta njiani. Nikailegeza kamba. Kengele ikatangulia, naye akafuata, masikio mbele, akavuka mtaro bila kusita. Nilishangilia kama mtu aliyeshinda kura! Seng'enge niliing'oa nikaweka fito, na ndoo ya maji haihamishwi kamwe.

Jicho linalotoa machozi na kufumba juani ni jambo jingine. Appaloosa hupatwa sana na uvimbe wa ndani ya jicho unaorudiarudia, nao hupofusha kabisa. Daktari aitwe siku hiyohiyo. Haflinger, aina nyingine ya farasi, nao wana urithi unaowaweka karibu na saratani ya jicho. Ukinunua farasi, uliza ukoo kabla ya bei.

Nilipotaka mtoto, nilikataa dume la madoadoa nililopewa bure, nikachagua Thoroughbred, farasi wa mbio, wa rangi moja. Mtoto amepata nakala moja tu. Madoa anayo, na usiku ndiye anayemtangulia punda.