Nne Zilizoshikana

Treni ilinishusha Ludlow, magharibi mwa Uingereza, asubuhi ya manyunyu. Nikateremka hadi daraja la Ludford, nikavuka mto Teme, na pale pale kando ya barabara nikaukuta mwamba niliousafiria. Nilitarajia jabali. Kumbe ni ukingo wa matabaka ya kijivu, na ndani yake utepe mwembamba wa kahawia uliosheheni magamba ya samaki wa kale. Kugonga nyundo hairuhusiwi. Nikapapasa kwa kidole huku magari yakinipita mgongoni.

Samaki sio walionileta. Nilifuata spora, yaani punje ndogo za uzazi za mimea ya kwanza ya nchi kavu, na mawe haya ya miaka milioni 420 hivi yanazo, ila kwa macho matupu huoni kitu.

Kesho yake nikaingia maabara ya chuo kimoja. Sampuli zilikusanywa zamani. Asidi ya hidrokloriki humaliza chokaa, kisha ya hidrofloriki hula mchanga na udongo; hii ya pili ni hatari mno, sikuruhusiwa hata kuisogelea. Jiwe lote huyeyuka, spora hubaki. Ganda lake, sporopolenini, halitikisiki.

Kwenye hadubini nikaona punje nne za rangi ya asali, zimekumbatiana. Pembeni kulikuwa na moja iliyo peke yake, ina kovu la miguu mitatu: hapo ndipo ilipogusana na dada zake watatu kabla hawajaachana. Seli moja hugawanyika kuwa nne, kila mtoto akavishwa ganda la kumvusha kwenye hewa kavu. Mwani hauvishi spora zake hivyo.

Punje za namna hii zimepatikana Argentina kwenye miamba ya miaka milioni 470, zikatangazwa mwaka 2010. Za Australia, zilizotangazwa 2021, zina miaka milioni 480, ingawa zenyewe zinaegemea nusu kwa mwani. Mashina yanayoonekana kwa macho huanza kama milioni 430. Pengo hilo lilinitia shaka kwa muda mrefu. Kilichonishawishi ni Oman: mwaka 2003 vilielezwa vipande vya mmea vya ndani ya pengo hilo, kutoka kisima kilichochimbwa kwenda chini sana, spora zikiwa bado zimesongamana ndani ya mfuko wake. Mfuko bila mmea hauwezekani.

Mwenyeji wangu akanipa kiti, nitafute mwenyewe. Baada ya dakika arobaini nikamwita kwa fahari: nimepata tatu! Akachungulia. Mbili zilikuwa spora, ya tatu kiputo cha hewa.