Maneno adimu ya Kiingereza: boksi la viatu na kadi 213

Novemba

Nimeanza. Boksi la viatu nimeligawa vyumba vitano, na kadi nimezikata kwenye majalada chakavu ya ghalani ninakofanya kazi ya ukarani hapa Mtwara. Mbele neno la Kiingereza, nyuma maana yake kwa Kiswahili. Utaratibu huu ulielezwa na Sebastian Leitner mwaka 1972: neno ukilipata linapanda chumba, ukilikosa linarudi mwanzo. Chumba cha kwanza nakipitia kila siku, cha tano mara moja kwa mwezi.

Kiingereza cha kazini kinanitosha, yaani risiti, barua, taarifa ya mzigo. Ninachokitaka ni kile cha kusoma makala ndefu bila kuruka mstari. Miaka mingi nimekuwa naruka.

Ni msimu wa minada ya korosho, natoka kazini usiku. Kadi kumi kwa wiki, basi.

Desemba

Kadi 60, na sina raha nazo. Nyingi nilizitoa kwenye orodha ya maneno magumu niliyoikuta kwenye intaneti, na kadi 40 zimerudi chumba cha kwanza zaidi ya mara tatu. Lililokaa bila shida ni "defenestration", kumtupa mtu dirishani. Linatokana na "fenestra", dirisha kwa Kilatini, na mwaka 1618 kule Prague maafisa walitupwa kweli dirishani, vita ikafuata. Neno lenye kisa nalikumbuka. Neno lililokuja peke yake, bila mtu wala mahali, halimalizi wiki.

Nimezitoa kadi zote za orodha. Kuanzia leo haingii neno ambalo sikukutana nalo nikisoma, au nisiloweza kukionyesha kitu chake kwa kidole.

Siku mbili baadaye mvua ya kwanza ikapiga. Nilikuwa mlangoni mwa ghala, vumbi la uwanja likalowa, ile harufu ikapanda. Wanaiita "petrichor". Walioliunda ni wanasayansi wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, mwaka 1964, kwa maneno mawili ya Kigiriki: "petra", jiwe, na "ichor", kimiminika cha kwenye mishipa ya miungu. Waligundua kwamba wakati wa kiangazi mafuta ya mimea hunywewa na udongo na mawe, mvua ikija yanaachiwa. Kadi hiyo sijaikosa hata mara moja.

Januari

Nilikutana na "neap" kwenye makala ya uvuvi. Kamusi ikanieleza, nikaelewa nusu. Jumamosi nikavuka kwenda Msangamkuu kwa mjomba, mvuvi tangu ujana wake. Nikamkuta anashona wavu.

"Shikamoo mjomba. Leo huendi?"

"Marahaba mjomba. Niende wapi na maji mafu haya? Hayajai, hayapwi. Ngoja bamvua."

Nikakaa chini mchangani. Maji mafu ndiyo "neap tide": mwezi nusu, jua na mwezi vinavuta bahari kila kimoja upande wake, maji hayaendi mbali. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wao wanaita "spring tide", na "spring" hapo ni kuchupa, haihusiani na majira ya mwaka. Neno nililokuwa nalipigania wiki nzima nilikuwa nalo tangu utotoni.

Tangu siku hiyo nyuma ya kadi siandiki maelezo marefu, natafuta kwanza Kiswahili chetu kinasemaje. "Monsoon" ndilo lililonishangaza zaidi. Kiingereza kilipata kwa Wareno, Wareno kwa Waarabu, na la Kiarabu ni "mawsim", ambalo kwetu ni msimu. Kwa hiyo kusi na kaskazi zinaitwa huko kwa neno lililo ndugu wa neno langu.

Februari

Hili limeniuma. Katika taarifa ya ghala niliandika kwamba jenereta ni "noisome", nikiamini ni yenye kelele. Msimamizi akaniita: uvundo upi, kuna magunia yameoza? Neno hilo linahusu uvundo au kitu cha kudhuru, na asili yake ni ile ile ya "annoy", si "noise". Niliiandika upya taarifa jioni ile ile.

Kosa lilikuwa kukisia maana kwa sura ya neno. Sasa kila kadi ina sentensi nzima ya pale nilipolikuta, na neno haliandikwi kwenye karatasi ya kazi mpaka nimelikuta sehemu tatu tofauti. Nimezipitia kadi zote upya kwa kipimo hicho. Ilinichukua siku tisa, na kadi 11 zilikuwa na maana isiyo sawa.

Machi

Kadi 212. Zilizofika chumba cha tano ni 87, na karibu zote ni za vitu: bahari, upepo, miti, kazi za mikono. Za hisia na tabia bado zinanisumbua, zinataka kusoma zaidi.

Mjomba naye ameanza kuuliza. Juzi alinipigia simu: pale maji yakishajaa yakasimama, kabla hayajaanza kupwa, Waingereza wanapaitaje? Nilitafuta usiku kucha. "Slack water". Nimeiandika kadi ya 213, sentensi yake ni ya mjomba mwenyewe. Jumamosi navuka nayo.