Mto na Jasi: kumbukumbu ya mradi wangu, safari ya Machi

Filamu tisa nimeshazisafisha, zinaning'inia bafuni zikikauka. Naandika sasa kabla sijaanza kuchagua picha, maana mradi niliorudi nao si ule nilioondoka nao.

Nianze na ule wa kwanza. Naishi St. Louis, jimbo la Missouri, mji uliokaa ukingoni mwa mto Mississippi. Wazo langu lilikuwa kubandika picha mbili mbili: kushoto mto, kulia jangwa, penye maji na pasipo maji. Kamera moja ya zamani ya filamu pana, ile iitwayo 120, picha 12 za mraba kwa kila filamu, lenzi moja ya milimita 80, nyeusi na nyeupe tu.

Upande wa mto niliuanza mwishoni mwa Februari. Chini ya Gateway Arch, lile tao kubwa la chuma la mji huu, kuna gati la zamani lililosakafiwa kwa mawe, linateremka mpaka majini. Masika ya huku theluji inapoyeyuka na mvua zikishika, maji hupanda mawe hayo safu kwa safu. Kaskazini kidogo ya mji ndipo mto Missouri unapoingia Mississippi, na umebeba tope la nchi nzima ya magharibi. Nimeshinda pale asubuhi nyingi nikingoja matishari yapite. Wazee wa mji huu bado wanaupima mto kwa mwaka 1993, maji yalipofika futi 49.58 tarehe 1 Agosti, wakati futi 30 tu huhesabiwa kuwa mafuriko.

Kisha nikaelekea White Sands, hifadhi ya matuta ya mchanga mweupe huko New Mexico, karibu kilomita 1,800 kwa gari. Barabara kuu ya 44 hadi Oklahoma City, ya 40 kupitia Amarillo hadi Santa Rosa, halafu ya 54 kushuka kusini. Njiani sikupiga picha nyingi. Nilisimama karibu na Carrizozo tu, penye uwanda wa mawe meusi ya volkano, kisha nikaendelea.

Siku ya kwanza hifadhini niliharibu filamu nzima. Kipimo cha mwanga hudhani kila kitu duniani ni kijivu, ukikielekeza kwenye weupe kinakwambia upunguze mwanga. Nilikitii. Negativu zimetoka nyepesi, matuta yote yana rangi ya jivu. Kuanzia siku ya pili niliongeza stopu moja na nusu juu ya kilichosomwa (stopu moja ni mwanga mara mbili), na mchana kweupe nikaweka kichujio cha njano ili anga lishuke kidogo na tuta lionekane limesimama mbele yake. Anayekwenda huko asipoteze filamu kama mimi: aongeze mwanga, tena bila woga.

Upepo nao. Machi na Aprili ndiyo miezi yake, unavuma kutoka kusini magharibi, na adhuhuri upeo wote hugeuka mweupe kwa vumbi. Nilikuwa napiga mapema, lango likifunguliwa tu, na jioni. Mchanga ule ni laini, hata kucha inaukwaruza, kwa hiyo haukwangui kioo cha lenzi kama mchanga wa kawaida. Ila unaingia kila mahali, na ukikutana na jasho la mkono unaganda kama chokaa. Nilitumia pampu ndogo ya hewa na brashi kavu, kitambaa chenye unyevu nikakiacha kwenye gari. Asubuhi moja hatukuruhusiwa kuingia kwa saa kadhaa, maana hifadhi imezungukwa na eneo la jeshi la kujaribia makombora. Mwenye ratiba ya kubana aache nafasi ya siku moja.

Jioni ya siku ya pili nilimtumia mama picha ya simu, yuko Bagamoyo. Kwangu saa tatu usiku, kwake saa kumi na mbili asubuhi. Akapiga mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Chumvi yote hiyo wanaivuna na nini? Mbona marundo makubwa hivyo?"

"Si chumvi mama, mchanga. Nipo jangwani."

"Mchanga gani mweupe hivyo? Hapo palikuwa na maji, yakakauka. Kwani mashamba ya chumvi huyajui wewe?"

Nayajua. Nimekua nikiyaona: maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa mapana, jua linayanywa, weupe unabaki. Na mama alikuwa sahihi kuliko mpango wangu wote. Mchanga wa White Sands ni jasi, hiyo hiyo ambayo nyumbani tunaijua kwenye dari za jipsamu. Jasi huyeyuka majini. Mvua na theluji huishusha kutoka milima ya San Andres magharibi na Sacramento mashariki, lakini bonde la Tularosa lililo katikati halina mto unaotoka. Maji yakifika chini, kwenye ziwa Lucero, hayana pa kwenda, yanakauka palepale na kuacha fuwele. Baridi na upepo huzivunja mpaka ziwe chembe, chembe zikasukumwa zikawa matuta, zaidi ya kilomita za mraba 700. Bonde lingekuwa na mlango, jasi ile ingekwenda baharini, kama Mississippi inavyopeleka baharini kila inachopewa.

Hata maji yenyewe hayako mbali. Kati ya tuta na tuta yapo chini ya ardhi, kina kisichofika mita moja, na unyevu huo ndio unaoshikilia matuta yasipeperuke yote. Katika bonde hilohilo zimepatikana nyayo za watu zilizokadiriwa kuwa na miaka kati ya 21,000 na 23,000, utafiti ukatangazwa mwaka 2021. Walikanyaga tope lenye majimaji kando ya ziwa la kale. Nilipolijua hilo sikuweza tena kuandika "pasipo maji" chini ya picha yoyote.

Kwa hiyo siku mbili za mwisho niliacha kupanda vileleni. Nilishuka kwenye mabonde madogo katikati ya matuta, penye ukoko mgumu wa jasi na mistari ya pale unyevu ulipofikia ukarudi, na mizizi ya yuka, mmea wa jangwani, iliyoachwa wazi tuta lilipohama. Filamu nne kati ya tisa ni za huko chini, na ndizo ninazozipenda.

Jozi zitakuwa za namna nyingine sasa: mahali maji yanapopita, na mahali yalipobaki. Ya kwanza ipo tayari kichwani. Kushoto ni mawe ya gati na mstari wa tope mto ulipopungua. Kulia ni ukoko wa jasi wenye mstari unaofanana nao kabisa.

Kilichobaki: kuchapa za majaribio wiki hii, na kurudia maungano ya mito miwili maji yatakapokuwa juu, mwezi wa tano. Ziwa Lucero lenyewe sikulifikia, huwezi kwenda bila kuongozwa na askari wa hifadhi na siku zangu hazikuangukia matembezi hayo. Hilo ni la safari ijayo, na mama ameshaomba aletewe picha yake kubwa, ya karatasi.