Stesheni ya Kunitachi na mlango wa kwetu

Jana ami kanipigia, ati fundi anakuja wiki ijayo kung'oa ule mlango wa ndani wa nakshi, mchwa wameshakula kizingiti. Mimi badala ya kuuliza bei nikamwambia ngoja ami, msiguse kitu mpaka nifike. Kanambia wewe tangu urudi kutoka Japani umekuwa mjuaji sana. Haya.

Sasa ngojeni niwahadithie. Kule nilienda mafunzo ya miezi mitatu, nikawa nakaa Kunitachi, magharibi ya Tokyo, kutoka Shinjuku, stesheni kubwa ya mjini, ni kama dakika 40 na treni ya reli iitwayo Chuo, ile ya mstari wa rangi ya chungwa. Jina lenyewe lilinichekesha, manake stesheni ilipofunguliwa 1926 ilikuwa katikati ya stesheni za Kokubunji na Tachikawa, basi wakachukua herufi moja ya Kijapani huku na moja kule ikawa Kunitachi. Ni kama sisi wa Lamu tuchukue vijiji vyetu, Shela na Matondoni, tuseme Shemato.

Wiki ya kwanza tu nikapanda treni siyo, nimesimama zangu nimeshika kitanzi, naiona stesheni yangu hiyooo inapita dirishani, kumbe ile ya haraka zaidi pale haisimami, mpaka Tachikawa. Na mimi nimezoea boti za Shela, nahodha ukimwambia nishushe hapa anakushusha! Nikavuka ng'ambo nikarudi, kimya kama mwizi.

Lakini kilichonikaa rohoni ni kile kijumba nje ya stesheni, cha mbao, paa jekundu la pembetatu, mbele yake njia pana yenye miti ya micheri. Ndiyo stesheni yenyewe ya 1926. Zamani reli ilikuwa chini, na vile vivuko vya kuvukia reli vilikuwa na sifa mbaya, asubuhi kizuizi kikishuka treni hii inapita, nyengine inakuja, watu wamejipanga na baskeli zao wanangoja tu. Wakaamua kuinyanyua reli juu ya nguzo kuanzia Mitaka mpaka Tachikawa, na kijumba kilikuwa njiani, ikabidi kivunjwe 2006. Ila hakikuvunjwa vya kuvunjwa, kilifunguliwa, mbao zikawekwa ghalani, na 2020 kikasimamishwa tena karibu pale pale. Miaka 14 mbao ziko stoo na hakuna aliyezifanya kuni!

Mimi nikikaa mle ndani nangoja mvua ipite nilikuwa nafikiria daka letu, ile baraza ya mlangoni. Ule mlango wetu mkubwa wa nje, wenye mfaa wa maua, ule mti wa katikati ya mlango, na misumari ya shaba, ulitolewa nikiwa darasa la sita, ati ukuta utengenezwe kisha urudishwe. Ukuta ulitengenezwa. Mlango mpaka leo hatujauona, tumewekewa wa chuma, wa kijani, ukipigwa na jua la mchana haushikiki. Bibi kila akipita alikuwa anaugusa ule mwimo uliobaki, mti wa ubavuni mwa mlango, hasemi kitu. Nani alichukua sijui na sitaki kumtaja mtu kwa kudhania.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeenda kwa ami na chaki. Nimeandika namba kila kipande, miimo miwili, vizingiti, mfaa, hata vile vibao vya pembeni, nikapiga picha moja moja. Ami kasimama na kikombe chake cha kahawa ananitazama, mwishowe akasema, "Namba saba umeiandika mara mbili."