Zawose Queens, hapa kwetu Dodoma

Wiki nzima nashinda na albamu moja tu: Maisha, ya kwanza ya Zawose Queens, iliyotoka 2024 kupitia Real World Records ya Uingereza. Kundi ni la wanawake wawili: Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, Leah ni mjukuu wake. Mitambo ya kisasa imo (wazungu hawakosi kutia mkono), lakini ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ikianza kulia tu unajua uko Ugogo.

Jana nikaifungulia kwenye spika ya saluni, Majengo. Wadada wakanuna: "Weka singeli bwana!" Mama mmoja aliyekuwa anasukwa twende kilioni, kichwa nusu, akasema, "Acha hapo hapo." Akaanza kupiga mapaja kwa viganja, ule mpigo wa muheme, ngoma inayobanwa miguuni. Msusi analalamika: "Mama, tulia basi, mstari unapinda!" Wapi.

Kinachoniudhi ni kwamba redio ninazosikiliza mimi sijazisikia zikiipiga hata mara moja. Hata madijei wa harusi za Kigogo, kweli jamani? Mwenye sherehe karibuni anitafute inboksi, spika ninayo.